Kompyuta ya mezani inakula uniti nyumbani Moshi: nipunguze matumizi yake au ninunue nyingine?

Mchapaji wa Majengo, Moshi

Salamu kwenu ndugu zangu wa Moshi na Arusha. Naomba ushauri wa wanaozifahamu vizuri kompyuta na mambo ya umeme, kwa kuwa jambo hili linanigharimu fedha kila mwezi na pia linanisumbua rohoni.

Nyumbani kwangu nina kompyuta ya mezani ya zamani, skrini ya chogo ya inchi 17, printa ya wino, UPS (kifaa chenye betri cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika) na ruta ya intaneti. Mchana huchapa kazi za watu: mihtasari ya vikao vya vikoba, barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule za jirani na kadi za michango ya harusi. Jioni watoto huitumia kwa masomo yao. Kwa siku huwa imewaka takriban saa kumi, na karibu nusu ya muda huo hakuna aliyeketi mbele yake, ila siizimi kwa sababu huchukua muda mrefu mno kuwaka, na mteja akifika na haraka zake hasubiri. Sina jokofu, napikia gesi, na taa zote ni za LED. Hata hivyo matumizi yamefika karibu uniti 90 kwa mwezi. Zamani shilingi 5,000 ilinipa uniti 41, na sasa inanipa 14 tu, ukiacha ile kodi ya jengo inayokatwa mara moja kwa mwezi.

Nimeshauriwa dukani ninunue kompyuta mpya, kwa maelezo kwamba Windows 10 haipati tena masasisho ya usalama. Mimi sipendi kutupa kitu ambacho bado kinafanya kazi. Nimeona skrini zilizopasuliwa kwenye makorongo, na nyaya zikichomwa moto ili itolewe shaba, huku moshi wake mweusi ukiingia kwenye nyumba za watu wenye watoto wachanga. Je, kuna namna ya kupunguza gharama bila kuanza upya? Na kama ni lazima kununua kitu, nianze na kipi?

Mwalimu wa Fizikia, Soweto, Moshi

Mama, pole na hongera kwa kazi. Kabla hujatoa hata shilingi moja, pima kwanza, maana watu wengi husoma maandishi ya nyuma ya kompyuta, wakakuta wati 300, wakadhani hicho ndicho kiasi kinacholiwa kila saa. Namba ile ni kikomo cha juu ambacho kifaa cha kugawa umeme ndani ya kasha kinaweza kutoa. Matumizi halisi huwa chini yake sana. Hali ni hiyo hiyo kwa wati 65 zinazoandikwa kwenye chaja ya kompyuta mpakato.

Kipimo unacho tayari nyumbani. Kwenye uso wa mita ya LUKU kuna kijitaa kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, maana yake kijitaa hicho hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja inayotumika. Zima kila kitu ndani ya nyumba, uache kompyuta na skrini yake tu, kisha hesabu mipepeso kwa dakika sita. Zidisha kwa kumi na utapata wati: mipepeso 13 ni wati 130. Ikiwa mita yako imeandikwa 1600, jibu ulilopata ligawe kwa 1.6. Baada ya hapo zima skrini peke yake uhesabu tena, na tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo sehemu ya skrini. Kwa vifaa vinavyokula kidogo, kama ruta au UPS isiyobeba kitu, dakika sita hazitoshi. Hesabu kwa nusu saa, kisha zidisha kwa mbili.

Nadhani utakachokikuta ni hiki. Skrini ya chogo ya inchi 17 kwa kawaida hula kati ya wati 60 na 80, na kasha la umri wa hilo lako, likiwa na kazi nyepesi ya kuchapa, hula kiasi kinachokaribiana na hicho. Tuchukue wati 65 kwa kila kimoja. Wati 130 kwa saa kumi ni uniti 1.3 kwa siku, yaani uniti 39 kwa mwezi. Karibu nusu ya umeme wa nyumba yako unaishia kwenye meza moja.

Sasa naomba uniangalie kwa makini kwenye suala la bei, kwa sababu ndipo penye fedha zako. Bei ya majumbani kwa mtumiaji mdogo ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ilimradi matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Inayozidi hapo hutozwa 350. Matumizi yakishazoea kuzidi, mteja huhamishiwa kwenye bei ya kawaida ya shilingi 292 kwa kila uniti, kuanzia ile ya kwanza. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati), bei hizo mbili zinakuwa shilingi 122 na shilingi 356. Ndiyo maana 5,000 yako ilitoa uniti 41 zamani na inatoa 14 sasa. Kwa hiyo hutozwi bei ya juu kwa zile uniti 15 zilizozidi peke yake. Unatozwa kwa zote 90, taa na pasi zikiwemo. Uniti 90 kwa 356 ni shilingi 32,040. Ukishuka hadi 64 na ukarudishwa kwenye bei ya mtumiaji mdogo, utalipa takriban 7,800.

Na kushuka huko kunawezekana bila kompyuta mpya. Skrini bapa ya LED ya inchi 19 hula takriban wati 20. Kuibadilisha skrini peke yake kunakuokolea wati 45, ambazo kwa saa zako kumi ni uniti 13.5 kwa mwezi. Kisha zile saa tano ambazo hakuna aliyeketi mezani, kompyuta ikilala, zinaokoa nyingine karibu 12. Anza na skrini. Hata iliyotumika inatosha. Ukishapunguza, subiri rekodi ya manunuzi yako ionyeshe matumizi mapya, ndipo uende ofisi ya umeme kuomba urudishwe kwenye bei ya zamani.

Nakuongezea jambo moja kwa kuwa umesema linakusumbua rohoni. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kutengeneza kompyuta moja ya mezani pamoja na skrini yake ya inchi 17 kulihitaji takriban kilo 240 za mafuta ya kisukuku, kilo 22 za kemikali na tani moja na nusu ya maji. Sehemu kubwa ya mzigo wa kompyuta kwa mazingira hubebwa kabla haijafika dukani. Kila mwaka unaoiongezea kompyuta yako maisha ni mwaka ambao mzigo huo haurudiwi.

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Mwalimu amesema kweli, nami naunga mkono. Niongezee upande wa kompyuta yenyewe, kwa sababu naona mzizi wa tatizo la Mama uko kwenye sentensi yake mwenyewe: haizimi kwa sababu inachelewa kuwaka. Mtu hawezi kuambiwa azime mashine kila anapoinuka ikiwa kuiwasha kunamkosesha wateja. Kwa hiyo dawa ya umeme hapa ni kuiharakisha.

Kompyuta nyingi za umri huo zina diski inayozunguka, na hiyo ndiyo inayochelewesha kuwaka. Ikitolewa na kuwekwa diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, hata ndogo ya GB 240, mashine iliyokuwa inachukua dakika kadhaa huwaka kwa muda usiofika dakika moja. Angalia na ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta: kama ni GB 2, iongezwe ifike 4 au 8, na ramu ya aina ya zamani hupatikana kwa bei nafuu kwa mafundi wanaovunja kompyuta zilizokufa. SSD yenyewe hula umeme kidogo kuliko diski inayozunguka, lakini faida hiyo ni ndogo. Faida kubwa ni kwamba sasa utakuwa huna sababu ya kuiacha imewaka.

Halafu kuna imani mbili nazisikia kila siku kwenye benchi langu. Ya kwanza ni kwamba kuwasha kompyuta kunakula umeme mwingi kuliko kuiacha. Hata kasha peke yake likila wati 130 kwa dakika nzima ya kuwaka, hiyo ni sawa na dakika mbili za kuliacha likikaa bure kwa wati 65. Ya pili ni zile picha zinazocheza skrini ikiachwa: watu hudhani zinapunguza umeme, ilhali skrini inaendelea kuwaka na prosesa inaendelea kuzichora. Ziondoe. Kwenye mipangilio ya umeme weka skrini izime baada ya dakika 5 na kompyuta ilale baada ya dakika 15.

Hapa kuna tahadhari kwa sisi tunaokaa penye umeme wa kukatika. Kompyuta ya mezani inapolala, kazi uliyoifungua inabaki kwenye ramu, na ramu inahitaji umeme kidogo, wati moja hadi tatu, ili isisahau. Umeme ukikatika wakati imelala, kazi ambayo hukuihifadhi inapotea. Kwa hiyo washa hali ya haibaneti, ambamo kompyuta huandika kila kilicho wazi kwenye diski kisha ikazima kabisa. Hata umeme ukirudi kesho yake, utaukuta mtihani wa darasa la saba pale pale ulipouachia. Kwa diski ya SSD kurudi kutoka hali hiyo ni suala la sekunde chache.

Usisahau vumbi. Msimu wa kiangazi vumbi la Arusha na Moshi linaingia kwenye feni na kugandia mabati ya kupooza prosesa mpaka yanakuwa kama yamevaa sweta. Feni inazunguka kwa nguvu zote, mashine inapata joto, inapunguza kasi, na kazi ya dakika kumi inachukua ishirini. Fungua kasha ikiwa imechomolewa kwenye umeme, tumia brashi laini, ishike feni isizunguke unapopuliza, na kama imepita miaka mingi mwambie fundi abadilishe pesti ya juu ya prosesa. Iinue kutoka sakafuni pia. Sakafu ndiyo inayokusanya vumbi.

Kuhusu Windows 10, ni kweli masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Kama kompyuta yako ni ya nyuma ya hapo, si lazima ife. Linux Mint au Lubuntu ni bure, zinapokea masasisho, na hufanya kazi vizuri kwenye mashine za zamani. LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, nami nakushauri ufanye hivyo kwanza kwa mafaili ya wateja wako halisi, hasa kadi na majedwali, kwa sababu mpangilio wa fonti unaweza kusogea. Ukiona kazi zako zinatoka sawasawa kwenye karatasi, ndipo uiweke moja kwa moja.

Mkazi wa Sakina, Arusha

Kwa maoni yangu mnazunguka mbali. Jua tunalo la kutosha. Nunua paneli, betri na inveta, uachane na habari za uniti 75. Umeme wa jua hauchafui kitu na hauna bili ya kila mwezi.

Mwalimu wa Fizikia, Soweto, Moshi

Ndugu yangu wa Sakina, jua ni jambo jema, ila mpangilio wa hatua una umuhimu mkubwa. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 inahifadhi takriban Wh 1,200 (yaani uniti 1.2), na kama ni ya risasi haifai kuishusha chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo ya kutumia ni 600. Inveta nayo inapoteza sehemu ya umeme kwa joto. Mezani kwa Mama leo, pamoja na upotevu huo, zinahitajika karibu Wh 1,500 kwa siku: hizo ni betri tatu. Akibadilisha skrini na kuilaza kompyuta saa tano, zinahitajika kama 500, na betri moja inatosha. Hapa Moshi tuna pia miezi ya Juni hadi Agosti, mawingu yanapoteremka kutoka mlimani na kukaa siku nyingi, na mfumo uliopimwa kwa jua la Februari hauwezi kuivuka. Zaidi ya hapo, betri ya risasi huchoka ndani ya miaka michache na kuwa taka ya sumu. Apunguze kwanza, kisha akitaka jua alipime kwa matumizi yaliyopungua. Anayetaka kuuelewa umeme wa namna hiyo kwa undani, Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu kule Kikuletwa, wilayani Hai.

Mchapaji wa Majengo, Moshi

Nawashukuru sana. Mwalimu, nimefuata hesabu ya kijitaa jana jioni watoto wakinisaidia kuhesabu. Skrini peke yake imetoka karibu wati 70, na UPS ikiwa haina chochote ilichobeba bado kijitaa kilipepesa. Sikutarajia. Nimeamua kuanza na skrini na SSD.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Printa, UPS na ruta nizifanyeje usiku? Na hii skrini ya chogo, ambayo bado inaonyesha vizuri, niipeleke wapi? Kuna kijana anayenunua vyuma chakavu ameshaiulizia.

Fundi wa Kaloleni, Arusha

UPS inaendelea kuchaji betri yake na kupasha transfoma yake hata ikikaa bure. Ule uvuguvugu unaousikia ukiigusa ubavuni ni umeme unaoulipia. Ukishazima kompyuta, zima UPS kwa kitufe chake kisha zima swichi ya ukutani, ila mchana iache ichaji ili ikusaidie umeme ukikatika. Siku kasha lako litakapokufa kweli na ukahamia kwenye kompyuta mpakato iliyotumika, UPS haitahitajika tena, kwa kuwa mpakato ina betri yake. Kibodi, kipanya na skrini yako mpya vitaendelea kutumika nayo, na mkono wako hautasumbuka.

Printa ya wino usiikatie umeme ukutani ikiwa imewaka. Zima kwanza kwa kitufe chake, isubiri irudishe kichwa cha wino mahali pake na kukifunika, ndipo uzime ukutani. Ikikatwa ghafla kichwa kinabaki wazi, wino unakauka, na ikiwashwa inamwaga wino mwingi kujisafisha. Utakuwa umeokoa umeme wa senti na kupoteza wino wa maelfu. Kwa hiyo iwashe mara moja kwa siku, kusanya kazi, chapa, uzime. Nakala za kusahihisha zitoe kwa wino hafifu na pande zote mbili za karatasi.

Ruta ya nyumbani hula wati 5 hadi 10, na ikiwaka usiku na mchana hiyo ni uniti 3.6 hadi 7.2 kwa mwezi. Mkishalala, izimwe.

Mkazi wa Tengeru, Arusha

Mama, tafadhali usimpe skrini hiyo mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye anaitafuta shaba iliyozungushwa kwenye shingo ya kioo, na ili aipate atakivunja. Kioo cha skrini ya chogo kina risasi ndani yake, kwa kawaida kilo nzima au zaidi kwa skrini moja, na upande wa ndani umepakwa unga wa kemikali usiofaa kuvutwa puani. Vipande vikishatupwa kwenye korongo, mvua za masika huvisukuma hadi mtoni, na mito yetu ya Meru na Kilimanjaro inamwagilia mashamba ya watu mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu.

Kwa kuwa bado inaonyesha, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuihifadhi nzima mahali pakavu kama akiba endapo hii mpya itaungua. Sishauri kumgawia mtu wa kuitumia kila siku, kwa sababu utakuwa umemhamishia bili yako. Ya pili, iliyo bora, ni kuikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali cha taka za kielektroniki. Vibali hivyo viko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake, na NEMC, taasisi ya serikali inayosimamia mazingira, ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha; wapigie au uwaandikie uulize ni nani mwenye kibali upande wa Moshi. Ukiwa na majirani wenye vifaa vibovu, kusanyeni pamoja, kwa kuwa mkusanyaji hawezi kufunga safari kwa skrini moja. Betri ya UPS ikifa iambatane na mzigo huo. Ina risasi na tindikali, isifunguliwe nyumbani.

Dunia nzima ilizalisha tani milioni 62 za taka za aina hii mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Kwa hiyo hata kuihifadhi ikiwa nzima hadi umpate wa kuichukua ni kazi ya maana.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa. Utakapobadilisha diski, ile ya zamani itakuwa na mitihani ya shule, barua za watu, namba zao za simu na majina ya wanachama wa vikoba. Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuyaondoi. Anayejua anaweza kuyarudisha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, wateja wamekuamini. Mwambie fundi akurudishie diski hiyo mkononi. Kama bado ni nzima, nunua kasha lake dogo la USB uitumie kuhifadhi nakala za kazi zako, ikiwa imechomolewa muda wote usiouhitaji. Kama imechoka, atumie programu ya kuiandika upya diski nzima mbele yako, na ikishindikana aitoboe sahani zake kwa drili, ndipo iingie kwenye mzigo wa mkusanyaji.